Mkia wa Bwana Kitambi

Wakusanyaji wote ninaowajua hutafuta kilicho kizima. Delbert Yoho peke yake alitafuta kibovu.

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi aliingia katika ukumbi wa zimamoto, palipo gulio letu la sanamu za zamani za kuchezea, kofia ya mgodini kichwani, kikombe cha kahawa mkononi, akapita meza baada ya meza na swali lake lile lile: "Una dinosaria aliyetafunwa mkia?"

Wageni walidhani mzee anatania. Wenyeji tulishazoea, tukamtania sisi.

"Del, leo ninaye aliyetafunwa kichwa. Hakufai?"

"Kichwa mpelekee mkeo akakichemshe."

"Na huyu hapa? Kakanyagwa na lori."

"Huyo anafanana na wewe, kaa naye."

Akicheka hivyo, macho yake yalikuwa tayari kwenye meza inayofuata. Alikuwa mrefu, amepinda mgongo kwa miaka ya kutembea chini ya dari la makaa, na alipoinama kuchungulia masanduku ungedhani ameangusha kitu chake humo ndani. Kwa kweli alikuwa amekiangusha. Na mimi nilijua, kwa miaka kumi na minne, ni nani aliyekiokota na akakifanya nini.

Naitwa Verna Pastorek. Meza yangu ni ya tatu kutoka mlango wa jikoni, pale mikate yenye soseji kavu inapotoka ikiwa moto, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa fundi wa ukumbi mzima. Dinosaria aliyevunjika mguu, tembo wa kale wa manyoya aliyepoteza pembe, chui wa meno marefu asiye na jino hata moja, wote waliletwa kwangu. Watu husema ni mambo ya kitoto. Waseme. Hao hao hukaa kila Jumapili wakisugua bunduki za babu zao, na hawajaua hata sungura.

Isitoshe, wanyama hawa ni wa hapa kwetu. Kiwanda kilichowatengeneza kilikuwa kando ya mto wetu, upande huu wa West Virginia, na bonde zima lilikula kutokana nacho. Watoto wa Amerika nzima walinunuliwa dinosaria wao dukani. Wa kwetu waliwapata katika mifuko ya aproni za mama zao. Sasa kiwanda kimefungwa, mashine zimeuzwa, na sisi tuliobaki tunahesabu viungo vya wanyama wa plastiki na kubishana ni mwaka gani walibadilisha kijivu.

Wilda, mke wa Del, alifanya kazi kwenye mashine ya kumimina plastiki. Mashine ilipobadilishwa rangi, tuseme kutoka kijani kwenda kijivu, sanamu za mwanzo zilitoka na michirizi, rangi mbili zimeshikana hazijaamua nani amshinde mwenzake. Hizo hazikuuzwa. Msimamizi aligeukia dirishani makusudi, na wanawake wakazitia mifukoni zikiwa bado na joto.

Ndivyo Bwana Kitambi alivyofika nyumbani kwa akina Yoho, mwaka wa sitini na tatu. Ni yule mfalme wa wala nyama wa mtindo wa zamani, anayesimama wima, tumbo limetangulia kama diwani aliyetoka karamuni, vijikono viwili vidogo kifuani, mkia umelala chini nyuma yake. Mwili wake ulikuwa wa kijani, na mshipa wa kijivu ulitoka begani ukazunguka hadi ncha ya mkia. Jina alipewa na Dreama, binti yao, mtoto wao pekee. Alikuwa na miaka mitano. Baadaye sisi wakusanyaji tuliwaita Kitambi wote wa umbo lile.

Dreama alikufa miaka miwili baadaye kwa ugonjwa wa damu. Nilikwenda mazishini kama mji wote ulivyokwenda, nikapeleka sufuria ya maharage kama kila mtu. Siku ya nne Del alirudi mgodini. Wilda alirudi kwenye mashine wiki iliyofuata. Na katika nyumba ile jina la mtoto halikutajwa tena. Sisemi hawakumlilia. Kila mmoja alimlilia peke yake, Del huko chini gizani, Wilda katikati ya kelele za mashine, na jioni waliulizana kama chumvi imekolea. Wakakaa hivyo miaka ishirini na minne.

Bwana Kitambi alibaki kwenye dirisha la jikoni, juu ya sinki. Mkia wake ulikuwa umetafunwa mwishoni, alama nyingi, juu na chini. Wilda alipoosha vyombo alimwosha na yeye, akamkausha, akamrudisha pale pale. Del aliliona hilo kila siku na hakuliuliza.

Mgodi ulipofungwa, Del akajikuta na mikono mitupu. Ndipo akaanza kukusanya. Alianza na dinosaria watano, wakawa hamsini, akajenga kabati la vioo sebuleni. Na kama sisi wote, akajifunza sheria ambayo hakuna aliyeiandika: ukipata aliye bora, yule duni anaondoka. Ndivyo mkusanyo unavyopanda. Kila mkusanyaji ameachana na mnyama wa utoto wake kwa sababu alipata mwenzake asiye na mkwaruzo. Wengi hujuta. Ila kujuta kwa Del hakujapata mfano, na nitaeleza.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mwaka wa themanini na tisa. Del alisimama mbele ya meza yangu akimgeuza mkononi Kitambi wangu wa kijani safi.

"Verna, huyu hana hata mkwaruzo."

"Atautoa wapi? Alikaa sandukuni tangu azaliwe. Mwenyewe alikuwa mtoto wa mchungaji, kwao kufurahi ni dhambi."

Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye leso. "Nakupa huyu wangu wa michirizi, na sanamu mbili za watu wa mapangoni."

Nikamshika yule wa michirizi. "Na mkia huu umefanywa nini?"

"Mbwa. Skipper. Yule alitafuna mpaka miguu ya meza."

"Basi ongeza mtu wa mapangoni mmoja."

"Wewe Verna, ungezaliwa zamani hizo ungewatoza dinosaria kodi." Akaongeza wa tatu. Alikuwa na furaha ya kweli, nami nilimpenda kwa furaha ile. "Wilda anamwosha huyu mbovu kila siku ya Mungu. Leo namwekea mzima dirishani. Akigeuka tu, amwone."

Akaondoka akipiga mluzi.

Jumatatu nikamshughulikia. Kazi yenyewe haina miujiza: unapasha kisu kwenye jiko, unakata mkia juu ya sehemu iliyoharibika, unaleta mkia wa mnyama mwingine aliyekwisha kuharibika kwingine, unayeyusha kingo mbili, unazibana, unalainisha kwa mgongo wa kijiko kilicholowa maji. Vipande vilivyokatwa havitupwi. Rangi za kiwanda kile hazipatikani tena popote, kwa hiyo ukitaka kuziba tundu la kijivu unayeyusha kijivu, la kijani unayeyusha kijani. Ile ncha iliyotafunwa, ndefu kama kidole changu cha mwisho, niliitupia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na masikio, kucha na pembe za wengine. Jumanne niliyeyusha vipande kadhaa kuziba ubavu wa tembo wa manyoya. Alhamisi mtu wa Pittsburgh alipita nyumbani, akamwona yule wa michirizi na mkia wake mpya, akampenda, akamnunua, akaenda zake.

Jumamosi nilimkuta Del nje ya ukumbi kabla mlango haujafunguliwa. Hakuwa amenyoa.

"Verna. Yule wa mkia."

"Ana nini?"

"Namtaka. Nakurudishia mzima wako, watu wa mapangoni ubaki nao, kabatini uchague yeyote umtakaye."

"Nimeshamuuza, Del."

"Kwa nani?"

"Mtu wa Pittsburgh."

"Jina lake?"

"Sikumwuliza."

"Na mkia je? Hakulalamikia mkia?"

"Hakusema kitu," nilimjibu.

Katika majibu hayo hamkuwa na uongo hata mmoja, na sijapata kumdanganya mtu zaidi ya hapo.

Akakaa kwenye ngazi za ukumbi. Ndipo akaniambia.

"Hakupiga kelele, Verna. Bora angepiga. Alimtazama yule mzima dirishani, akaniuliza, 'Del, wa mkia yuko wapi?' Nikamwambia nimekubadilishia, yule si alitafunwa na mbwa? Akasema yale si meno ya mbwa." Akavua kofia, akaivaa tena. "Kule hospitali, kila walipomchoma sindano, mtoto hakulia. Alimng'ata Bwana Kitambi. Aliwaambia manesi kwamba Bwana Kitambi haumii mkiani. Jino la mbele la juu lilikuwa limeng'oka, kwa hiyo kila alama ina pengo katikati. Kila sindano, Verna. Wilda alikuwa pale kila mara. Mimi nilikuwa chini ya ardhi zamu mbili mbili, sikuona hata moja. Na nimeziona alama zile miaka ishirini na minne nikisema mbwa, mbwa."

Ungekuwa wewe ungemwambia? Nami nilitaka. Nilirudi nyumbani mbio, nikaupekua ule mkebe, sikuiona ncha, nikaamua kwamba iliyeyuka Jumanne ubavuni mwa tembo. Sasa nimwambie nini? Kwamba nilikata kinywa cha mtoto wake kwa kisu cha moto, nikazibia tundu? Nikanyamaza. Nikasema nitamwambia Jumamosi ijayo. Mnajua jinsi Jumamosi zinavyopita.

Basi akaanza kutafuta. Mwanzo ukumbini kwetu tu, halafu Wheeling, halafu ng'ambo ya mto huko Ohio, kwenye minada, kwenye nyumba za waliofariki ambako watoto wao wanauza vyombo uani. Aliandika barua kwenye jarida letu la wakusanyaji: anatafutwa Kitambi wa kijani na kijivu, mkia uliotafunwa, alama zenye pengo. Barua hiyo ilichekwa hadi California. Watu walimletea kila aina ya waliotafunwa, na yeye aliwapokea wote, awe na michirizi au asiwe nayo, kwa sababu, alisema, macho ya mtu yanaweza kudanganya rangi.

Mara moja tu nilimwona akikasirika. Chet Ruzicka, muuzaji mwenye mdomo mchafu na meza ya magari madogo, alimletea Kitambi mwenye mkia uliotafunwa vizuri kabisa, tena wenye pengo. Del akaugeuza kwenye mwanga.

"Chet, fungua mdomo."

"Wa nini?"

"Fungua."

Chet akacheka, na alipocheka tukaliona pengo lake. Alikuwa amemng'ata mwenyewe. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Del alimweka mnyama mezani taratibu, akatoka, akakaa ndani ya gari lake la mizigo, vioo juu. Kicheko kilikatika. Baada ya muda Chet, ambaye hajapata kumwomba mtu radhi tangu vita vya Korea, alinunua kahawa na mkate, akaenda kugonga kioo. Sijui walisemezana nini, ila tangu siku ile Chet alimtafutia Del kuliko mtu yeyote, na kwa haki.

Kabati la vioo likabadilika. Wazima wakauzwa mmoja mmoja, maana safari zinakula petroli, na nafasi zao zikachukuliwa na waliotafunwa. Nilimwuliza kwa nini hawauzi, ikiwa si wenyewe.

"Nimuuzie nani? Huyu naye kuna mtoto aliyemng'ata," alisema. "Akae tu."

Niliwahi kuona wanavyofanya akirudi. Nilikuwa nimepeleka mtungi wa jemu ya tufaha. Del aliingia, akamtoa mnyama mfukoni, akamweka mbele ya Wilda bila salamu. Wilda alikausha mikono, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya alama, juu na chini, bila haraka, kama mtu anayepapasa uso.

"Siyo," alisema.

"Siyo," Del akakubali. Akavuta kiti, nami nikaaga nikaondoka, kwa sababu niliona wanataka kuongea. Sikujiuliza wanaongea nini. Aibu yangu ilinitosha.

Miaka ikaenda. Mikono yangu ikaanza kutetemeka kwa uzee, na fundi anayetetemeka akiwa na kisu cha moto ni hatari kwake na kwa dinosaria. Mwaka wa elfu mbili na tatu, wiki moja baada ya Pasaka, niliamua kuacha. Nikamwaga mkebe wa biskuti mezani nigawie mafundi wengine vipande. Kulikuwa na nusu ya tembo mwingine wa manyoya, mtupu ndani, ambaye sikupata kumtumia. Nilipomtikisa, kitu kiligonga ndani. Nikachokonoa tumboni mwake kwa sindano ya kufumia, na ile ncha ikaanguka juu ya kitambaa.

Ya kijani, na mshipa wa kijivu hadi mwisho. Alama zimejipanga, na kila moja ina pengo.

Nilikaa naitazama nikamkumbuka Dreama mwenyewe, mtoto mwembamba aliyevaa viatu vyekundu, aliyeniuliza siku moja kanisani kwa nini kofia yangu ina ndege aliyekufa. Nilikuwa nimemsahau kama mtu. Kwa miaka yote ile alikuwa kwangu kosa tu.

Nikasubiri Jumamosi, saa ambayo Del angekuwa barabarani, nikaenda kwa Wilda. Nilimkuta anakanda unga wa biskuti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yote, kisu, mkebe, mtu wa Pittsburgh, tembo. Kisha nikafungua leso.

Wilda hakunawa. Aliichukua na unga mikononi, akafumba macho, na kidole gumba kikaanza kutembea. Kilifika mwisho, kikarudi mwanzo. Kilipofika kwenye alama moja ya chini alisema, "Hii ni ya Jumatano. Walikosa mshipa mara tatu." Akaiweka midomoni, si kuibusu, aliishikiza tu pale. Nilitazama sakafu.

"Miaka kumi na minne, Verna," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Ungeniambia siku ile ningekutoa na ufagio."

"Ufagio bado upo pale mlangoni, Wilda. Mimi sikimbii, magoti hayaniruhusu."

Akatoa sauti, nusu kicheko, na machozi yakapita katikati ya unga uliokuwa shavuni mwake. "Kaa chini, mwanamke mpumbavu wee."

Nikakaa. Hakunisamehe kwa maneno, wala mimi sikuomba mara mbili. Tulikaa hivyo mpaka tukasikia gari la Del likipanda kilima, lile lenye bomba bovu linalotangulia kufika.

"Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?" nikauliza.

Wilda alifuta ncha ile kwa pindo la aproni, akaitia mfukoni.

"Hakuna atakayemwambia."

"Wilda! Amezunguka majimbo matatu. Ana miaka sabini na mitatu. Anakitafuta kwa ajili yako!"

"Najua anakitafuta kwa ajili ya nani." Alizungumza haraka, kwa sauti ya chini, jicho dirishani. "Sikiliza. Miaka ishirini na minne mwanamume yule hakumtaja mtoto wangu ndani ya nyumba hii. Nilidhani amemsahau. Nilimchukia, Verna, nilimchukia nikiwa nampikia. Halafu akaanza safari zake. Akiwa barabarani peke yake, huko hakuna mtu wa kumwona, anamkumbuka. Na akirudi ananiambia. Ananiletea mnyama wa watu, mimi nasema siyo, halafu anakaa kwenye kiti kile na kuniambia jambo la Dreama ambalo sikulijua. Kila Jumamosi. Mimi nina yangu ya hospitali tu. Yeye ana ya mzima, ya asubuhi, alipokuwa akimpeleka shule akitoka zamu." Akakaza mkono mfukoni. "Nikimpa hiki atakaa nyumbani. Atakishika, atalia, atafurahi, na tutanyamaza tena. Nikipona ugonjwa huu wa kutamani habari za mtoto wangu, sawa. Sijapona. Nataka bado."

Del alikuwa ameshafika mlangoni.

"Verna! Leo hukuja ukumbini, Chet amekuuza kwa bei ya chini," alisema, akavua kofia. Alikuwa amechoka, uso umepauka kwa safari, lakini macho yake yalikuwa na ule mwanga. Akamtoa mnyama mfukoni, akamweka juu ya unga mbele ya mkewe. "Nimempata Marietta, kwenye sanduku chini ya meza, hata mwenyewe hakujua kama anaye. Kijani. Mwangalie, Wilda. Ana pengo."

Kwa kweli alikuwa na pengo.

Wilda alimshika kwa mkono mmoja, wa pili ukabaki mfukoni. Akafumba macho. Kidole gumba kikatembea juu ya mkia, taratibu kama siku zote, juu, na chini. Nilijua mkono wa pili ulikuwa umeshika nini, na nilimtazama Del anavyomtazama mkewe, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Nilikaribia kupiga kelele. Nilitaka amwambie. Nilitaka asimwambie.

"Siyo yeye, Del," Wilda alisema.

Mzee akashusha mabega. Kisha akatabasamu, akavuta kiti chake.

"Nilijua. Pale kivuko cha Sistersville nilishajua, lile jino la pembeni limekaa vibaya. Ila nikiwa pale pale kivukoni, Wilda, nimekumbuka kitu. Sijui kilikuwa kimejificha wapi. Siku moja nampeleka shule, mvua inanyesha, amempakata Bwana Kitambi. Akaniuliza, 'Baba, mikono yake haifiki mdomoni, sasa anakulaje?' Nikasema sijui mwanangu, labda anainama. Akaniona mjinga kabisa. Akasema, 'Hapana. Mama yake anamlisha.'"

Biskuti hazikuwa zimekatwa bado. Wilda alikuwa amesimama vile vile, unga shavuni, mkono mmoja mfukoni umefumba ngumi.

"Hukuniambia hiyo," alisema.

"Sikuwa nayo. Imekuja leo."

"Halafu?" Wilda akauliza, akasogeza kiti, akakaa karibu naye mpaka magoti yakagusana. "Ulimjibu nini? Halafu akasemaje?"